Kisima Namba Nne

Alhamisi, 14 Novemba

Daftari hili amenipa Frida, binti yangu, pale uwanja wa ndege. "Mama, ripoti zako nazijua. Humu andika unachosikia moyoni." Nikamwambia sisikii kitu. Akasema, "Basi andika hivyo hivyo, kwamba husikii kitu." Ukaidi huo ni wa marehemu baba yake. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike na mimi sijamlilia.

Nimefika Kigoma saa tisa alasiri, mvua inanyesha. Tangu mwezi uliopita kipindupindu kimeingia Ujiji na Katonga, na chuo kimenituma nishauri. Ni safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu mwezi Juni. Wamenichagua mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeandika makala ya kipindupindu cha Ujiji, utafiti wa mwaka 2005. Makala hiyo ndiyo iliyonipa uprofesa. Wanafunzi wa mwaka wa pili huikariri kama sala, nami huwasahihishia mitihani nikiwa nusu usingizini.

Ijumaa, 15 Novemba

Bwana Adolf, afisa afya, amenipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo Profesa. Makala yako hapa kwetu ndiyo mwongozo." Ametoa nakala tano. Akaniwekea barua tatu za kusaini: ya kuomba vidonge vya kutibu maji, ya kuongeza vitanda kwenye kambi ya wagonjwa, na ya kuziba kwa zege kisima namba nne cha Ujiji. Kisima hicho ndicho nilichokitia hatiani mwaka 2005. Kilifukiwa, lakini miaka mitatu iliyopita wenyewe walikifukua, maana bomba linatoa maji mara mbili kwa wiki. Zege litamwagwa mvua ikipumzika, mwishoni mwa Januari.

Nimesaini zote tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatukusikilizana vizuri.

Jumamosi, 16 Novemba

Sabato. Sikwenda kanisani. Mvua.

Jumatatu, 18 Novemba

Wagonjwa thelathini na mmoja kwa siku tano. Wengi ni wavuvi wa dagaa, wake zao na watoto. Wamekufa wawili. Muuguzi wa kambi ni Honorata, Muha wa Kasulu, mama mnene asiyecheka hovyo. Anaandika daftari la wagonjwa kwa mwandiko ambao ningependa madaktari wangu wauige. Niliyanakili majina ya wale wawili, kisha nikaenda kula wali na mgebuka, samaki wa ziwa hili. Mgebuka alikuwa mzuri.

Jumatano, 20 Novemba

Leo nimekwenda kukitazama kisima namba nne. Kipo uani kwa Bi Mwanamvua, nyuma ya msikiti mdogo, na kina mfuniko wa mbao na kamba mpya. Nilidhani hatanikumbuka. Alikuwa anapepeta mchele, akainua macho mara moja tu.

"Wewe ndiye mwalimu wa dodoso."

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuja na chupa yako ya maji. Nilikupa chai ukasema dini yako haitaki chai, nikakupa maji ukasema unayo ya kwako. Naona na leo unayo."

Ni kweli ninayo. Nilikaa kwenye mkeka nimeipakata chupa kama mtu anayelinda mzigo stendi.

Kisima kilichimbwa na mumewe, Mzee Musa, kiwe sadaka kwa ajili ya mama yake. Mwaka ule tulipomaliza utafiti, gari la matangazo lilizunguka Ujiji siku mbili likisema kisima cha Mzee Musa kina kipindupindu. Watu wakasema ameua watu kwa sadaka. Aliacha kwenda barazani kucheza bao, kisha akaacha kwenda hata msikiti ule wa nyuma ya nyumba yake, akawa anasali chumbani. Baada ya miaka minne akafa. Bi Mwanamvua alinieleza haya bila kupandisha sauti, mkono unaendelea na ungo.

"Na alikwambia," akasema. "Hapo hapo ulipokaa. Alikwambia, mwalimu, maradhi haya huja na mbalamwezi."

Nikasema sikumbuki. Lakini nakumbuka, kwa sababu niliandika. Katika makala kuna sentensi moja kuhusu imani za wenyeji wanaouhusisha ugonjwa na mwezi. Msomaji mmoja wa jarida aliisifu, akasema inaleta ladha.

Sikumwambia kuhusu barua niliyosaini.

Jumatatu, 25 Novemba

Dodoso la Honorata na wenzake limerudi. Matokeo ni yale yale ya zamani: waliokunywa maji ya kisima namba nne wameugua mara tano zaidi ya wengine. Adolf amefurahi kama aliyefaulu yeye. Nami nilipaswa kufurahi.

Jumatatu, 2 Desemba

Wiki nzima mgonjwa mmoja. Nimeandikia chuo kwamba vidonge vinafanya kazi.

Jumatatu, 9 Desemba

Hakuna mgonjwa. Honorata amefua mashuka yote ya kambi na kuyaanika, mvua ikayafua tena.

Jumamosi, 14 Desemba

Kumi na wawili leo peke yake. Vitanda vimejaa kabla ya saa sita.

Jumapili, 15 Desemba

Kumi na tisa. Amekufa mama mmoja wa Katonga, muanika dagaa, mikono yake bado ina magamba. Nilimfumba macho. Miaka arobaini ya kazi hii, nimefumba macho mengi kiasi kwamba vidole vinafanya vyenyewe.

Jumatatu, 16 Desemba

Wameleta mvuvi, Sefu, mtoto wa Bi Mwanamvua. Macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Dripu mbili kwa mpigo. Mama yake amekaa nje ya uzio wa kambi chini ya mwavuli. Hakuniangalia.

Jumatano, 18 Desemba

Leo nitaandika mengi, kwa sababu sijui pa kuyapeleka.

Sefu ameamka vizuri. Nikachukua dodoso, nikamuuliza mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kusikia kwa sikio langu mtoto wa kisima akikiri kisima.

"Maji ya kunywa ya nyumbani mnachota wapi?"

"Kisimani kwetu."

Nikaweka alama. Nilikuwa nimeshageuza ukurasa aliposema, "Lakini mimi mama, nyumbani sipo."

"Hupo vipi? Unalala wapi?"

"Wakati wa giza tupo ziwani. Dagaa anafuata taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Kwa hiyo giza lote tunavua usiku, mchana tunalala pale pale Katonga. Nyumbani narudi mbalamwezi ikiingia, siku saba, nane hivi, tunashona nyavu. Hizi hizi siku."

"Na ukiwa Katonga unakunywa nini?"

Alinitazama kama anayemwonea huruma mtu aliyesoma sana. "Ziwa, mama. Tunachota pale mtumbwi unapofungwa. Ugali tunasongea hayo hayo."

Pale mtumbwi unapofungwa nimepaona. Ndipo wanawake wanapooshea dagaa, na ndipo watu mia tatu wasio na choo wanapokwenda kabla ya jua kutoka.

"Mbona hukusema kwenye dodoso?"

"Limeuliza maji ya nyumbani," akasema Sefu.

Nikamwita Honorata, tukatandaza daftari la wagonjwa juu ya meza ya dawa, pembeni yake kalenda ya ukutani ya msikiti, ile yenye miandamo ya mwezi. Novemba wagonjwa walianza tena tarehe kumi na tatu. Mwezi mpevu ulikuwa kumi na tano. Wakaisha kabisa giza lilipoingia. Desemba vivyo hivyo. Wanakunywa ziwa siku za mwisho za giza, uchafu wa wiki tatu ukiwa umerundikana pale, wanarudi nyumbani, wanaanza kuharisha nyumbani, wanawaambukiza wake na watoto. Sisi tunakuja na kalamu wiki hiyo hiyo, tunawakuta vitandani, tunauliza maji ya nyumbani. Nyumba nyingi za wavuvi huchota kwa Mzee Musa. Kisima kinajibu.

Honorata alipitisha kidole kwenye tarehe, moja moja. Kisha akasema, "Ehe. Kwetu Kasulu tungesema mwizi kaondoka, kafungwa mwenye nyumba."

Jioni nimefungua fomu za mwaka 2005 kwenye kompyuta. Wavuvi themanini na wake zao. Nilizijaza tarehe kumi na nne hadi ishirini Novemba. Nikatafuta mwezi wa mwaka ule. Ulikuwa mpevu tarehe kumi na sita.

Nakumbuka hata kwa nini nilichagua wiki ile. Nilisifu bahati yangu kwamba wanaume wote wapo nyumbani.

Kuna jingine, na hili sijamwambia Honorata. Mwaka mmoja baada ya kisima kufukiwa, wagonjwa wa Ujiji waliongezeka. Mimi mwenyewe nilieleza sababu: uandikishaji umeboreka. Kumbe tuliwanyang'anya maji yao, wakaenda ziwani wote, wake na watoto pia. Jedwali ninalo. Waliokufa msimu ule ni ishirini na watatu.

Nimeisoma namba hiyo mara kadhaa. Nangoja nisikie kitu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Frida kapiga simu, nimemwambia nipo salama. Pilau kwa Adolf.

Ijumaa, 3 Januari

Yamekuja majibu ya maabara ya maji tuliyoyapeleka kupimwa. Kisima namba nne, sampuli sita za siku mbalimbali: kipindupindu hakuna. Maji ya Katonga, pale mitumbwi inapofungwa, sampuli sita: kipo katika nne. Nimeyakunja majibu nikayatia humu daftarini. Ningeweza kuyapeleka kwa Adolf leo hii, ofisi yake ni ng'ambo ya barabara. Nimekula, nimelala.

Jumatatu, 6 Januari

Nimempigia Benedict. Alikuwa mwanafunzi wangu, sasa ni mkuu wangu wa idara, na udaktari wake wa falsafa ameujenga juu ya makala yangu. Nilimsomea kila kitu.

"Profesa, imebaki miezi mitano."

"Najua."

"Klorini ipelekwe Katonga, sawa, hilo nakuunga mkono leo leo. Lakini kisima kizibwe tu kwa tahadhari. Nani atadhurika? Ukiitengua makala ile, wataanza kuuliza na nyingine. Chuo kimeandaa ukumbi upewe jina lako, ulikuwa hujaambiwa."

Nilikuwa sijaambiwa. Nikamshukuru.

Nilipokata simu niligundua kwamba hoja yake imenikaa vizuri tu, kama kiatu cha zamani. Hilo ndilo lililonitisha, kidogo. Ni hofu ya kwanza niliyoisikia tangu nifike, na nimeiandika hapa Frida asije akasema sikuandika.

Jumatano, 8 Januari

Mimi, Honorata na Sefu tumeanza kazi kwenye fukwe za wavuvi, Katonga na Kibirizi. Giza linaelekea kuisha. Ndoo yenye bomba na maji yaliyotiwa klorini kwa kila kundi la mitumbwi, na mvuvi mmoja wa kuisimamia. Sefu anatania wenzake: "Kunyweni, haina ladha ya mkojo wa Juma." Mzee mmoja kutoka Kagunga kanisalimia kwa Kiha, "Bwakeye," akanywa kikombe kizima, akasema maji haya yananuka hospitali. Akanywa cha pili.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua ya mawe. Ndoo mbili zimevunjika, Sefu kazipata nyingine.

Jumanne, 14 Januari

Jana mwezi ulikuwa mpevu. Wagonjwa leo: wawili.

Ijumaa, 17 Januari

Wiki yote ya mbalamwezi, wagonjwa watano. Desemba walikuwa sitini na wanane. Hakuna aliyekufa. Honorata amekaa kwenye kitanda kitupu cha kambi, akavua viatu, akacheka. Sijawahi kumwona akicheka. Ana mwanya.

Mvua imepumzika. Adolf kasema saruji imeshafika, mafundi Jumatano.

Jumatatu, 20 Januari

Kikao cha kamati ya mlipuko. Nilikaa nikisikiliza wakinipongeza kwa kazi ya Katonga. Ajenda ya nne ilikuwa kuziba kisima. Adolf akaisoma barua yangu kwa sauti, na sauti yake ni nzuri, anaimba kwaya.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema barua ile naifuta. Nikasema makala ile imekosea, si kidogo, imekosea yote, na nikawaonyesha kalenda. Kwanza hawakuelewa, wakadhani ni unyenyekevu wa wasomi. Nikarudia kwa Kiswahili kifupi: mwaka 2005 nilifungisha kisima kisicho na kosa, na kwa kufanya hivyo niliwapeleka watu kwenye maji yenye ugonjwa, na wengine walikufa.

Adolf aliikunja barua polepole. "Profesa, sasa sisi tutasimama wapi? Miaka yote tumesimamia hapo."

"Hata mimi," nikasema.

Wamekubali kisima kisizibwe, kitiwe klorini na kupimwa kila mwezi. Saruji itajenga vyoo Katonga. Baada ya kikao nimeliandikia jarida kuiondoa makala, nakala kwa Benedict. Hajajibu. Mwili umekuwa mzito tu, kama mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi na bado hajajua kilichokatwa ni kipi.

Jumatano, 22 Januari

Nimekwenda kwa Bi Mwanamvua. Nilikuwa na karatasi mkononi: barua ya jarida, majibu ya maabara, muhtasari wa kikao. Nikamweleza kila kitu, na sikuacha wale ishirini na watatu, wala barua ya Novemba niliyoisaini kabla sijakaa kwenye mkeka wake. Nikamwomba radhi.

Alizipokea karatasi, akazitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Hizi nani atasoma hapa Ujiji?"

"Ni za kitaalamu, mama. Dunia nzima itajua kwamba…"

"Dunia ilimjua mume wangu?" Akaweka ungo chini. "Mwalimu, jambo lile halikuandikwa. Lilitangazwa. Gari lilipita na spika, huko barazani, huko sokoni, huku msikitini, na yeye amekaa hapa anasikia. Mimi radhi yako ya mkekani siitaki. Nenda ukatangaze."

"Nitawaomba ofisi ya afya watoe tangazo."

"Wewe," akasema. "Kwa mdomo wako."

Ijumaa, 24 Januari

Frida kapiga. Nimemwambia. Akauliza, "Unaogopa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Afadhali."

Jumatatu, 27 Januari

Jua tangu asubuhi. Adolf ametoa gari la matangazo na dereva wake, na kwa kweli sikutegemea. Kaniambia, "Mimi siji, Profesa, lakini spika ni mpya, itasikika." Honorata alikaa nyuma yangu. Tumeanzia sokoni.

Nilikuwa nimeandika maneno. Nikayasoma kama nisomavyo mihadhara: "Wananchi wa Ujiji, mimi ni Profesa Asnath Mrutu. Mwaka 2005 nilisema kisima namba nne kina kipindupindu. Nilikosea. Kisima namba nne hakikuwa na kipindupindu." Watu walisimama, wakatazama, wakaendelea kununua mawese. Sikusikia kitu. Tukaingia mtaa wa msikiti, nikasoma tena.

Bi Mwanamvua alikuwa amesimama katikati ya njia, kanga kichwani, dereva ikabidi akanyage breki. Akaja dirishani kwangu.

"Namba nne ndiyo nani?"

"Ndiyo namba iliyo kwenye…"

"Walipokitangaza hawakusema namba. Walimtaja. Anaitwa Musa Ramadhani Kahembe. Mtaje."

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, kisima cha Mzee Musa Ramadhani Kahembe. Na hapo sikuweza kuendelea. Miaka kumi na tisa nimelifundisha jambo hili, nimelitungia mitihani, na jina hili halijawahi kupita mdomoni mwangu mara moja. Nikajaribu tena, nikatoka na kilio, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, mtaa mzima ukanisikia. Nilimlilia mzee niliyekaa mkekani kwake nikamwandika ladha. Nililia na mume wangu humo humo, sikuweza kuwatenganisha.

Honorata hakuninyang'anya kipaza sauti. Bi Mwanamvua naye hakuniambia nyamaza. Alisubiri nimalize, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati. Nikanywa. Maji ya kisima yale yana chumvi kidogo.

"Haya," akasema, akafungua mlango wa nyuma na kupanda, akakaa karibu na Honorata akipanga kanga yake vizuri. "Twende barazani. Wapo wazee wawili waliocheza naye bao, mmoja hasikii vizuri. Pale utasema polepole."

Tukaenda. Nilisema polepole. Yule asiyesikia vizuri aliomba nirudie, nikarudia.